Bondeni Watu Huishi

Barua yake ilifika Jumatatu, mistari mitatu, haina salamu:
"Nimepata kitu. Nitakitangaza kongamanoni Alhamisi.
Nimeambiwa nikuulize kwanza."

Nikavaa buti, nikavuka ua wa chuo,
mvua ya Aberystwyth ikininyea kwa ubavu, kama kawaida yake.

Daktari Heledd Prydderch alishika ukanda wa karatasi
mwembamba kama utambi.
Akauchovya katika tope la kwato ya kondoo.
Tukasubiri. Chai ikapoa. Ukanda ukageuka zambarau.
"Huyu," akasema, "kwato zinaoza. Jumapili ijayo atachechemea.
Leo bado anaruka mitaro."

Miaka sita. Pauni za kodi, laki mbili na ushei,
na jokofu ambalo mlango wake umefungwa kwa kamba ya viatu.

Nikamwambia: usitangaze.
Nipe siku tisa tu, tuombe hataza.
Neno likishatoka mdomoni halirudi,
na wazo likishasomwa ukumbini halina mwenyewe.

Akanigeukia kama aliyemkuta mwizi jikoni.
"Halina mwenyewe? Lina wenyewe milioni tatu!
Mwoka mikate wa Tregaron amelilipia.
Dereva wa basi la shule amelilipia.
Na wewe unataka kulifungia kabatini."

Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na jibu la kweli:
mwoka mikate hasomi jarida lako, Heledd.
Mwenye kondoo hanunui makala. Hununua kiboksi
chenye bei, chenye maelezo, chenye mtu wa kulaumiwa.
Na hakuna kiwanda kitakachojifunga mkanda miaka minne
kwa kitu ambacho jirani atakinakili kesho yake.

Alinyamaza. Akaifuta Alhamisi kwenye kalenda
kwa kalamu nyekundu, kwa hasira, hata karatasi ikatoboka.

Machi tukampelekea Emlyn Bebb, kule Cwmystwyth,
vikanda hamsini ndani ya bahasha.
Siku ya tatu akapiga simu:
"Nimemkalia kondoo. Mkono mmoja umeshika mguu,
wa pili umeshika kisu, mvua inaniingia sikioni.
Huo ukanda niushike kwa meno?
Na hizo dakika kumi na mbili, nani atamweleza kondoo?"

Heledd alicheka hadi akakaa sakafuni.
Kisha hakucheka tena kwa majuma saba.
Karatasi ikawa kijiti. Kijiti kikavunjika.
Kijiti kikawa pete ya mpira, ya kuvishwa mguuni na kuachwa,
kondoo aende zake malishoni
na jibu lake mguuni.

Wenzangu wa ofisini, na wale wa wizara,
njia hii ya kutoka maabara hadi dukani
huiita bonde la mauti.
Huichora ukutani: mlima huku, mlima kule,
katikati shimo, na pesa zinaishia hapo.
Mimi nilizaliwa Rhondda,
nyumba ya chini kabisa, ambako jua lilitufikia saa nne.
Bondeni watu huishi.
Yupo wa kukuazima ngazi.
Yupo ajuaye mlango upi umevimba kwa unyevu
na haufunguki bila teke.
Mshahara wangu ni wa hilo teke.

Tulikataliwa mara mbili. Mara ya pili
barua ilikosea jina lake, ikaandika "Bwana".

Jana imekuja risiti ya kwanza: viboksi kumi na kimoja,
daktari wa mifugo, Machynlleth, amelipa taslimu.
Hazitoshi hata kununulia jokofu.
Heledd ameibandika mlangoni pake,
juu kidogo ya ile kamba ya viatu.